Kipimo cha Mikono Miwili

Changamwe, Jumamosi usiku, Mei 1961

Bado nasikia goti la Otieno lilivyolia chini ya rungu.

Nilikuwa nimewaonya wachezaji wangu wasipimwe kwa mikono miwili. Nafasi ya winga ilikuwa moja, nao ni wawili, Otieno na Salim. Nilitaka niwapime mbio wote mimi, mmoja baada ya mwingine. Nahodha akaona nakawiza. Akaleta saa yake, akampima Otieno, nami nikampima Salim.

Mimi huanza kuhesabu kitambaa kinapoangushwa. Nahodha hungoja mpaka aone mguu umeondoka, kwa hiyo mtu wake huonekana mwepesi zaidi. Tofauti ni ya kufumba na kufumbua, lakini mbio fupi huamuliwa humo humo.

Otieno akatangazwa mshindi.

"Amepimwa na mtu wa kwao," Salim akasema.

"Wewe ulipimwa na babu wa kwenu, na bado umeshindwa," Otieno akamjibu, akicheka.

Salim akamrukia. Wachezaji wakagawanyika, wa bara huku, wa pwani huku, na mawe yakaanza kupasua vichwa. Nikapaza sauti turudie kwa saa moja, mkono mmoja. Nani anisikie? Rafiki yake Salim akamlaza Otieno chini, akalipiga lile goti mpaka likageuka upande.

Daktari asema hatacheza tena.

Magharibi Salim alinijia, shati limeganda damu. Nafasi amepewa yeye.

"Shikamoo, Mwalimu. Wallahi niambie kweli. Ningalimshinda?"

Nilimjibu kwamba sijui, wala sasa haitajulikana kamwe.

Hakuondoka. Alikaa kizingitini, akalia kama aliyefiwa.