Si Ng'ombe

Jumapili, 2 Machi 1952
Mwaka na miezi minne tangu nitoke Songea kuja mgodini. Nimefua kaptula ya shimoni, nimeanika. Kisha ukutani tena. Masizi ya sufuria, udongo mwekundu, grisi ya magurudumu ya toroli. Napaka kwa vidole. Sijui kinachokuja mpaka kifike. Leo umekuja wekundu mzito, weusi ukaulalia juu. Mgongo umeacha kuuma.
Masanja, Msukuma ninayekaa naye chumbani, mtani wangu, kauliza ni picha ya nini. Si ya kitu, nikamwambia.
"We Mngoni, kisicho kitu kinakaaje ukutani?"

Jumatano, 5 Machi
Mwamba umeporomoka shimoni. Mtu kavunjika mguu. Jioni kambi nzima mlangoni kwetu. Eti nilichora ule mwamba kabla haujaanguka. Uchawi. Masanja kahamishia kitanda barazani.
Nina hasira. Aliyevunjika nilimbeba mimi, mabegani. Hilo hawalisemi.

Ijumaa, 7 Machi
Nyapara kaja, watu nyuma yake. Niseme ni picha ya nini wasikie. La sivyo nipake chokaa, au nitoke kambini na kazi basi.
Akaniinamia. "Sema ni ng'ombe. Hata mbuzi. Yaishe."
Masanja akasikia. "Ng'ombe gani huyo? Wangoni mnawajulia wapi ng'ombe?"
Wakacheka. Neno moja tu lingeuokoa ukuta. Lakini si ng'ombe. Nachimba ninapoonyeshwa. Nalala ninapopangiwa. Ukuta huu hakuniamuru mtu.
"Si ng'ombe, Bwana Nyapara. Wala si dawa. Nimepaka mimi, kwa kuwa nilitaka."
Kaagiza ndoo ya chokaa.

Jumapili, 9 Machi
Nimepaka chokaa mwenyewe. Sikutaka mkono wa mtu mwingine pale. Ukuta mweupe kama sanda. Nauchukia.
Kukwangua rangi ya chini hawakuniambia. Sikukwangua.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua tangu asubuhi. Grisi imepenya chokaa. Ilianza kama doa la chai, sasa weusi wote umerudi, na wekundu kidogo pembeni. Sio ile ya kwanza. Hii nzuri zaidi.
Nyapara alipita kukagua vyumba. Akasimama, akatazama kwa muda. "Chokaa ya siku hizi," akasema, akaenda chumba cha pili.
Masanja karudisha kitanda. Kakigeuza, kichwa kinaelekea ukutani.
Mkataba unaisha Agosti. Mungu akipenda, Septemba niko nyumbani. Nyumba ya mama ina ukuta mmoja mtupu, upande wa mawio.