Sindano za Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Wamekuja vijana wanne. Tulianza na kumi na wanane! Nimeondoa viti vya ziada haraka haraka wasione. Somo la leo: kujichoma insulini shuleni bila aibu. Programu nimeitunga mwenyewe — hatua saba, vikatuni, mbwembwe zote. Afadhali Cherehani yupo. Tunamwita hivyo kwa mdomo wake, haupumziki. Miaka kumi na sita, kisukari tangu darasa la pili. Daftari lake la sukari halina pengo hata siku moja. Nikamsifu mbele ya wenzake. Akainama.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao. Bosi anataka waliotoroka waandikwe "wamehitimu". Nimekataa. Basi, akasema, nimpe japo mmoja aliyebadilika, awaonyeshe wafadhili. Nikampa namba za daftari la Cherehani. Nimechoka.

Jumanne, 11 Machi
Cherehani amelazwa. Ameanguka bafuni, hajitambui. Sukari imepanda mpaka kipimo kimeshindwa kuisoma. Mama yake hakunigombeza — afadhali angenigombeza! Anasema amefungua friji, chupa za insulini za mwezi huu zimejaa vilevile. Zile namba za daftari ni za kubuni.

Jumatano, 12 Machi
Ameamka. Sauti imekauka. Nikamuuliza taratibu kuhusu daftari.
"Si ulikuwa unafurahi, anti? Wenzangu wanaacha kuja, nikaona na mimi nisikuvunje moyo."
Ananifariji yeye! Miezi minne nimemfundisha mtoto wa watu kunidanganya, na kafaulu vizuri.
Kumbe shuleni wakimwona na sindano wanamwita teja. Akaacha sindano, huko na nyumbani. Hatua saba zangu hazikumfikisha hata mlangoni pa shule.

Alasiri nesi kaleta sindano. Ajichome mwenyewe, ndipo aruhusiwe. Kageukia ukutani. Mama kabembeleza weee, wapi! Nesi akanigeukia: zungumza naye, wewe si ndiye mtaalamu? Maneno ninayo, ukurasa wa tisa wa programu yangu. Nikaanza kuutafuta begini.
Kisha Cherehani, bado kaelekea ukutani: "Anti akitaka nitajichoma. Unataka, anti?"
Nikisema ndiyo, ni yaleyale: ananichomea mimi. Leo atajichoma. Kesho kutwa, nikiwa sipo? Na nikinyamaza, hajichomi kabisa.
Nimesema naenda msalani. Nipo koridoni, naandika nimeegemea ukuta, mtu mzima na akili zangu. Mlango uko wazi. Mama yake anasema anti anakuja, mwanangu, anakuja sasa hivi.
Nesi ananiita tena —