Samaki wa Papai

Mjukuu wangu Edita,

Marahaba. Nina miaka kumi na saba tu, lakini mimi ni mdogo wake bibi yako, kwa hiyo shikamoo yako naipokea. Hapa Mbamba Bay tu wazima, na bibi yako anakusalimu.

Unauliza itakuwaje wageni wa kipaimara wasipogusa sinia lako la matunda. Mwaka jana, kwenye sherehe ya hapa kwetu, nilichonga papai likawa samaki, nikampa magamba ya jibini, ambayo siku hizi inafika hata madukani kwetu. Wageni wakamsifu, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Nikajificha jikoni na kitabu changu, nikidhani nimeharibu sherehe.

Bibi yako akanifuata. “We Agnesi, umeandaa mwenyewe, hujaonja, halafu unajificha? Watajuaje hukutia sumu?”

Nikatoka, nikakata mkia, nikautafuna mbele ya wote. Katekista akapaza sauti: “Hajafa! Haya, tuleni.” Samaki akaisha kabla sijameza.

Basi Jumapili usikae jikoni. Simama penye sinia, ukate kipande kizuri kuliko vyote, ukile wakikuona.

Bibi yako mdogo,
Agnesi