Paka wa Mama na Mrithi Aliye Kitwe

Mlowo, Mbozi,
Mkoa wa Songwe.
16 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Ipyana,

Bwana asifiwe. Habari za huko Kitwe, habari za kazi, na wifi yangu Violet hajambo? Mwambie mulishani kutoka kwangu, maana ndicho Kibemba chote nilichobaki nacho. Watoto wanaendeleaje, na yule mdogo kifua kimeachia? Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Baridi ni kali, kahawa zimeanza kuiva, na goti langu linanisumbua kama kila msimu huu. Mama ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Naandika kwa sababu nimechoka na simu. Ukisikia jambo zito tu, mtandao wa huko Zambia unakatika. Barua haikatiki. Nimempa Enoka, yule dereva wa lori anayepita kwenu, akukabidhi mkononi.

Ni juu ya huyu paka wako.

Unajua kwamba tangu tumzike baba, mama haongei. Anakula, anaenda kanisani, anarudi, anakaa jikoni kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Nilikuomba uje umwone. Wewe ukajibu kwa kutuma picha ya paka mweupe, manyoya marefu, uso bapa, ukasema ni wa Kiajemi, wapole, wanalala mapajani, na wazee wa huko wanaliwazwa nao. Na pesa ukatuma. Kisha ukaweka sharti: nisinunue kwa vijana wa mpakani wanaouza paka kwenye maboksi, nitafute mfugaji wa kuaminika. Haya. Kuagiza ni rahisi, mdogo wangu, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mfugaji nikampata. Anaitwa Mama Tumpale, yupo pale Mpemba, njiani kwenda mpakani, mwalimu mstaafu, anafuga paka wa mbegu kama wenzake wanavyofuga ng'ombe wa maziwa. Nikaenda na tenga la kuku, nikijua nitachagua, nitafunga, na mchana nitakuwa nyumbani. Akalitazama lile tenga, akaniuliza ni la nini. Nikamwambia ni la paka. Akalichukua, akaliweka nje ya uzio.

Alinionyesha paka mama na watoto wake wakinyonya. Weupe kweli, wazuri, sikatai. Kumbe kuonyeshwa si kupewa. Sharti kwanza waache kunyonya, wachanjwe, daktari wa mifugo awapime. Nikavumilia. Kisha maswali yakaanza: atalala wapi, nani atamchana manyoya, mbwa yupo, mama anaona vizuri au atamkanyaga. Ipyana, mimi nilipoolewa na Kasiani hawakuniuliza nusu ya hayo. Kasiani mwenyewe nilipomsimulia alisema huyo mama anataka mshenga, akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Watoto wa paka walipoacha kunyonya, nikadhani sasa naitwa kuchukua. Wapi. Yeye ndiye aliyekuja Mlowo kutukagua. Nikachinja kuku, nikapika wali, nikajisemea mgeni njoo mwenyeji apone. Hakukaa hata kwenye kiti. Alizunguka nyuma moja kwa moja hadi kwenye ghala langu la mahindi, akainama chini ya magunia, akatoka na kifuko cha sumu ya panya amekishika kwa ncha za vidole. Akanieleza kwamba panya akila sumu na paka akamla panya, paka naye hana maisha, kwa hiyo nichague moja.

Nani Mlowo hii anaweka ghala bila sumu? Gunia likitobolewa mnunuzi halitaki. Lakini nilimwona mama dirishani, amekaa vilevile na ungo wake, nikachagua paka. Sumu nimefukia yote, nimeweka mitego, na panya wanakula mahindi yangu mchana kweupe. Wengine sasa nawafahamu kwa sura.

Tukakaa kula, mama naye akaja mezani. Nilidhani yamekwisha. Ndipo yule mwanamke, mama akiwa pale pale, akasema, "Paka hawa wanaishi miaka mingi. Bibi akitangulia, nani atabaki naye?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu nani anamtajia mzee kifo chake mbele ya uso wake, tena juu ya sahani ya wali? Mkono uliniwasha. Nikasema haraka kwamba mimi nipo, mimi ndiye mkubwa, mama naishi naye, tuendelee kula.

Mama akaliweka tonge chini. "Enesi hapana," akasema. "Enesi ana ghala."

Mimi huyu, Ipyana. Mimi ninayempikia uji kila asubuhi na kumchua miguu kila jioni. Iliniuma, na sitakuficha, mpaka leo inaniuma.

Mama Tumpale akauliza, sasa nani? Mama akamweleza kwamba kwetu vya chumbani mwa mama ni vya kitindamimba, na paka atalala chumbani, kwa hiyo ni wa Ipyana. Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo tangu msiba. Nikatoa simu, nikasema basi tumpigie sasa hivi, aonekane kwa video, akubali, mambo yaishe. Mama Tumpale alikuwa ameshaanza kukubali. Aliyekataa ni mama. Akasema simu haishiki paka.

"Basi itabidi aje nimwone," akasema Mama Tumpale.

"Na mimi nimwone," akasema mama.

Akarudi kwenye wali wake. Yule mgeni naye tangu siku hiyo hatikisiki. Paka wengine wamekwisha kuchukuliwa, mmoja kaenda hadi Mbeya, huyu wa mama amemtenga, anasema hatoki mpaka wewe ufike. Nimembembeleza. Nimemtuma baba mdogo Yesaya na jogoo akatuombee, jogoo amerudi. Sasa yeye na mama wamekuwa marafiki, wanapigiana simu, wananiona mimi kama mtu wa kubeba ujumbe tu.

Nimewakasirikia wote, lakini aliyeniudhi zaidi ni wewe. Nilikuomba uje, ukatuma paka. Mama hakuwahi kuomba paka. Hakuwahi kuomba kitu chochote, ndiyo maana ukadhani hana haja. Usiniambie habari za umbali: Enoka anatoka huko na lori limejaa shaba, na anafika. Ulikuja kumzika baba, ukaondoka kabla ya kumaliza matanga. Sikukusema siku ile kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu. Leo nakusema.

Usitume pesa nyingine. Usitume picha. Njoo.

Nisalimie wifi Violet na watoto, waambie shangazi yao ana hasira lakini si nao. Kasiani anakusalimu, na anasema ukija usisahau koti zito, baridi ya huku umeshaisahau. Baba mdogo Yesaya anakusalimu pia. Yule jogoo tulimla Jumapili iliyopita. Mungu akutangulie njiani, akuvushe mpaka salama.

Mama nilimwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akasema hana salamu za kutuma. Zake atakupa mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Enesi