Umemtia Hofu Mume Wangu

Dada,

Mtoto ameniwekea sikio kifuani sasa hivi, hapa kwenye benchi la hospitali, akasema, "Mama, moyo wako unakimbia halafu unajikwaa." Nimecheka, lakini hasira zangu kwako ziko palepale.

Udaktari umesomea wapi wewe, hata umwambie mume wangu kwamba nikishtuliwa moyo kwa umeme ili mapigo yarudi sawa, sitaamka? Sasa amegoma kunisindikiza. Wiki nne nimemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, sikuruka hata siku moja, ili niifikie leo. Naogopa, dada. Nilitaka uje unishikie mtoto, wewe unanizika nikiwa hai! Basi jirani niliyekuja naye atamshika. Muuguzi ananiita. Naingia, na ukija jioni utanikuta nimeamka.