Chupa ya Kifaransa Chini ya Mtungi

Jumatatu, 2 Februari

Nimefungua grosari saa nne. Nimefuta meza, nimepanga kreti, nimejaza friza. Mpaka saa nane nimeshawauliza wanywa bia "ya moto au ya baridi?" mpaka koo limekauka. Miaka kumi na moja swali hilo hilo, hapa hapa Temeke. Mwisho wa mwezi bosi anabomoa banda, anaweka sehemu ya kuosha magari. Magari hayahitaji mhudumu.

Nimeomba ruhusa, nikaenda Kinondoni kwenye ule mgahawa mpya. Wanatafuta mhudumu mmoja. Tumebaki wawili: mimi na Jofrey wa Segerea, miaka ishirini na minne, meno meupe, Kiingereza kinamtoka kama maji. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane. Meneja, wote wanamwita Madam, hakuzunguka maneno. Kwa kawaida hawachukui mtu wa umri wangu.

Lakini alimpa kila mmoja wetu chupa ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa, ule wa bei ya chini kabisa kwenye orodha yao, maana ndio watu wataagiza. Na karatasi moja ya maelezo. Nendeni mkaijue, alisema. Jumamosi mtawauzia wageni wa kweli.

Jina la mvinyo limeandikwa Côtes du Rhône. Nimejifunza kulitamka njia nzima. Kot di Ron. Abiria wa pembeni kanitazama vibaya.

Jumanne, 3 Februari

Kizibo ni cha mti. Grosari nzima haina kizibuo, bia tunafungua kwa kifungulio na wengine kwa meno. Nimeazima kwenye duka la vinywaji la jumla, mwenye duka kanionyesha: zungusha taratibu, vuta wima. Kizibo kimetoka kizima. Nimejisifu peke yangu.

Tatizo ni mama. Ameokoka. Friji ni lake, anauza humo barafu na juisi ya ukwaju, na pombe haitii mguu. Sawa. Karatasi inasema mvinyo huu unywewe katika joto la chumba. Chumba ninacho. Nimeiweka chupa chini ya kitanda kutwa.

Jioni nimeonja. Vibaya! Ulikuwa vuguvugu, ukali ukapanda puani, ladha ya dawa ya kikohozi. Karatasi inasema nitasikia beri nyeusi. Beri nyeusi ndiyo nini? Sokoni Tandika sijawahi kuiona.

Nimekasirika. Lakini nimenusa glasi tupu mara tatu kabla ya kuiosha. Kuna kitu mle.

Jumatano, 4 Februari

Nimeibeba mpaka grosari, nikaificha katikati ya bia. Saa nzima kwenye friza. Ikatoka na jasho, nzuri kwa macho. Haina harufu kabisa. Ni ukakasi tu, ulimi ukawa mkavu kama umekula bibo lisiloiva. Nimezaliwa Newala, nimekulia kwenye mikorosho, ukakasi wa mabibo naujua.

Hofu imeniingia. Labda ulimi wangu umeshakufa kwa miaka ya chipsi na pilipili. Labda Jofrey keshasikia hizo beri.

Imebaki zaidi ya nusu kidogo. Nyingine hatupewi.

Alhamisi, 5 Februari

Nimeamka na swali. Joto la chumba, chumba cha nani? Aliyeandika ile karatasi hakulala chini ya bati mwezi wa pili. Chumba chake nadhani mtu anavaa sweta. Mimi asubuhi nimeamka shuka limelowa.

Sasa ndani ya nyumba hii kuna kitu gani si cha moto wala si cha baridi? Nimezunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Kisha nikanywa maji, jibu likawa mkononi. Mtungi. Mama hanywi maji ya friji, anasema yanamkamata kifua. Mtungi wake uko uani kivulini, chini yake mchanga haukauki.

Leo sina zamu grosari. Mama alipokwenda kwenye maombi ya mchana nikaifukia chupa kwenye ule mchanga hadi shingoni. Ikakaa kwa muda wa saa mbili. Nikanunua mishikaki miwili kwa jirani. Nikamimina theluthi ya glasi tu, kama karatasi inavyotaka, maana glasi ikijaa harufu haina pa kukaa. Nikautikisa. Nikangoja kidogo.

Ikaja yenyewe! Harufu ya tunda. Tunda ninalolijua, jina likanigomea. Nikala nyama, nikanywa, ule ukakasi ukalala. Bila nyama unauma, ukiwa na nyama unatulia. Nimejaribu mara nne kuhakikisha, mishikaki ikaisha.

Nimefurahi kipumbavu. Lakini jina la tunda sinalo. Siwezi kumwambia mgeni "ni tunda fulani hivi".

Ijumaa, 6 Februari

Nimesahau chupa mchangani. Nimeikumbuka niko kazini.

Nimerudi saa kumi. Mama kakaa kwenye kigoda, chupa iko mbele yake, kizibo kimetolewa. Nikajua kaimwaga, au ataimwaga. Nimeogopa kama mtoto, na umri huu. Hata shikamoo nimesahau kumpa.

Hakupiga kelele. Aliinua chupa akainusa, taratibu, macho kafumba. Kama fundi.

"Zambarau," akasema. "Zambarau zilizoiva sana. Na pilipili manga kwa mbali."

Nilitaka kuruka. Siku nne! Badala yake nikamuuliza kajulia wapi kunusa.

Ndipo kaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kabla hajaokoka, kule Newala, alikuwa anakamua mabibo na kuuza uraka. Ndiyo pombe iliyonunua daftari zangu. Wanawake wenzake walikuwa wanamletea vibuyu vyao awanusie, aseme upi mzuri na upi umeharibika.

"Watu wanasemaga marafiki ndo walimharibu baba yako. Baba yako alianzia kwenye kibuyu changu mie."

Baba alikufa kwa pombe nikiwa darasa la tano. Miaka yote nimedhani mama anachukia pombe kwa sababu yake.

Nilitaka kumshika mkono, sikumshika. Alirudisha kizibo, akaifukia chupa mchangani kwa mikono yake, akaenda kuchambua mchele.

Nina huzuni. Pia nina udadisi, na udadisi wenyewe unanitia aibu. Nilitaka sana kumuuliza uraka ulioharibika unanukaje.

Jumamosi, 7 Februari

Mtihani.

Meza ziko nje, chini ya turubai, saa saba ya mchana. Jofrey ndiye aliyeanza. Kafungua vizuri, kamimina vizuri, kataja beri nyeusi na mengine yote bila kukwama. Ila chupa kaitoa kwenye rafu karibu na jiko la kuchomea nyama. Wageni wake walionja, wakatazamana, wakaagiza bia.

Wangu walikuwa mzee mmoja mstaafu wa bandarini na mkewe. Nimewaamkia. Nimeishika chupa, ya moto kabisa. Nikaomba ndoo ya maji yenye barafu kidogo, robo saa. Madam katazama saa. Nikawapelekea mbuzi wa kuchoma kwanza, wasikae na meza tupu.

"Binti, hiyo ni ya moto au ya baridi?" mzee kauliza.

"Iko katikati, mzee. Nivumilie kidogo."

Nimewamiminia theluthi. Nikawaomba wanuse kabla ya kunywa. Mzee akauliza kuna nini humo, nikamwambia zambarau na pilipili manga. Mkewe kacheka sana. Zambarau! Mzee kanusa tena, kala nyama, kanywa. Kisha kasogeza glasi niongeze. Nimeona raha mpaka miguuni.

Mkewe kakunja uso. Anataka soda ya kuchanganyia, na barafu. Nimesikia Jofrey anakohoa. Nikamwomba mama yule ajaribu funda moja zaidi pamoja na nyama, asipopenda naleta. Kajaribu. Hakupenda. Nikaleta soda. Kachanganya, kanywa yote, kaomba tena. Chupa imeisha.

Baadaye Madam kaniita pembeni. Kwa nini nimeacha mvinyo uharibiwe na soda? Nikamjibu anayekunywa ni mgeni, si mimi. Kaandika kitu. Sijui kaandika nini. Kwenye gari nimejilaumu: ningesema jambo la maana zaidi.

Jumapili, 8 Februari

Simu kimya. Nimeitazama hata kanisani. Nimeombea ile kazi, kisha nikashtuka. Sijui kama inaruhusiwa kumwomba Mungu kazi ya kuuza mvinyo.

Mama alikuwa pembeni yangu. Naye aliomba muda mrefu. Sikumuuliza.

Jumatatu, 9 Februari

Ujumbe umeingia saa sita. Wamenichukua. Naanza tarehe moja.

Sikupiga vigelegele. Nimeosha glasi zote za grosari, hata zilizokuwa safi.

Mama nimemkuta uani anakamua nguo. Nimemwambia. Akaendelea kukamua, akaanika, akaweka vibanio kimoja kimoja. Nilingoja mstari wa Biblia. Haukuja.

Alipomaliza alifuta mikono kwenye kanga.

"Ukitoka huko kazini, sukutua kwanza. Ndo uje uniamkie."

Nikasema sawa, mama.

Nimenunua mswaki mpya. Nimeuweka kwenye pochi.