Mpera wa Mama Ndani ya Karai

Jumamosi, 8 Machi 2025
Kaka yangu Kirimi amepiga vigingi. Banda lake la kuku litapita pale pale kwenye mpera wa marehemu Mama — ule aliokuwa akianikia leso zake. Nikasema nitauchukua. Akacheka: mti ni wa shamba, na mimi nina kwangu. Kwangu wapi? Chumba cha kupanga Nkubu? Ati msichana akitoka nyumbani hatoki na mti.

Baba alikuwa hapo hapo akinoa panga. Akaendelea kunoa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikampa Kirimi jibu: Jumamosi ijayo nakuja na jembe. Akasema mti mzima hauhamishwi, utakufa kabla ya lango. Tutaona.

Jumamosi, 15 Machi
Umetoka!

Nimeukata, shina likabaki la kufika gotini. Nikachimba kuuzunguka, nikakata mzizi mkuu kwa msumeno. Malengelenge viganja vyote viwili. Jirani yetu Cicily akachungulia juu ya ua, akauliza kama nachoma makaa. Nikamwambia ni bonsai. Akauliza hiyo inatibu nini.

Nikamweleza: ni mti unaolelewa kwenye chombo, ubaki mdogo maisha yake yote. Ukianza na mche unangoja shina linenepe hadi uzeeke. Ukianza na mti mzee, unene uko tayari, unabaki kulea matawi tu. Akanitazama kwa huruma, kama mgonjwa.

Nimeusafirisha kwa bodaboda. Sasa uko kwenye karai kuukuu nililolitoboa, na mchanga na kokoto, na gunia la kuukinga jua. Umefika lango na kulipita, Kirimi.

Alhamisi, 17 Aprili
Hakuna kitu. Mama mwenye ploti ninayopanga ameuliza nitapasua lini hizo kuni. Nikakwangua gome kwa ukucha. Chini ni kijani. Sipasui.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Machipukizi! Mekundu mekundu, yamejaa shina lote. Nimechelewa kanisani na sijutii.

Jumamosi, 3 Mei
Siamini.

Baba alikuja na ndizi nikiwa saluni. Narudi, namkuta ameinama kwenye karai. Machipukizi yangu yote yako kiganjani mwake. Ameacha mawili. Mawili!

Nikamfokea. Baba yangu mzazi, nikamfokea. Akasema pole pole, "Si ni suckers? Kahawa ukikata shina, unaachanga mbili ziko na nguvu. Ukiacha zote inakuwa kichaka."

Nikamwambia hii si kahawa, nilizihitaji zote, ndizo matawi yangu ya kesho. Akavitazama vile vichipukizi. Akasema alidhani anasaidia. Kisha akavitia mfuko wa koti, hakuvitupa, akaenda zake.

Nimelia. Kwanza kwa hasira. Halafu nikawaza: mtu hapogoi kuni. Alipoona machipukizi aliona mti.

Alhamisi, 15 Mei
Baba amepiga simu. Yeye hapigi simu. Akaniuliza ule mti unaendeleaje. Nikamwambia pale alipovunja panachipuka tena. Halafu akasema Kirimi ameongeza banda, vigingi vimefika kwenye mlimau wa Mama. Nikauliza mimi nifanye nini. Akasema, "Kuja na msumeno. Jembe liko."

Jumamosi, 17 Mei
Naandika hapa hapa njiani, daftari juu ya goti. Kirimi amefunga lango kwa mnyororo na amesimama ndani, mikono mfukoni. Anasema leo hakuna mti unatoka, na kwamba nimemharibu mzee. Msumeno uko kwenye kiondo na sirudi Nkubu bila huo mlimau.

Anaongea bado. Hajageuka. Nyuma yake, kule kwenye mlimau, nasikia jembe.